Mpaka Mkate wa Kwanza

Mimi muziki naupima kwa mguu. Mji wetu wa Kasongo mzima unajua hivyo, na anayetaka kunicheka anicheke. Kila Jumamosi mchana, radio ya mjini inapofungua simu ili wasikilizaji watoe maoni, huwa nimekwisha kukaa kwenye cherehani yangu, simu nimeibana begani, nasubiri zamu. Wimbo ukiwa mzuri, mguu unakanyaga pedali bila kuulizwa. Ukiwa mbovu, mguu unasimama na sindano inasimama nao, na hapo hata msanii awe mtoto wa nani, namwambia. Kuna kijana wa hapahapa, Pitchou, ambaye nilisema wimbo wake ni mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Mama yake alikuja kunigombeza. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe uliusikiliza mpaka mwisho?" Akakaa, nikampa chai, tukaelewana.

Kwa sababu ya mdomo huu ndipo Darlène alikuja kwangu.

Darlène ni binti wa jirani yangu Victorine. Victorine ni Mkristo, mimi ni Mwislamu, na ua wa matete uliotutenganisha tangu tulipoolewa una matundu yaliyopitisha chumvi, makaa na masengenyo kuliko soko zima. Mumewe, Marcellin, alikuwa katekista na mwalimu wa kwaya parokiani. Alifariki mvua za mwaka jana zilipoanza. Mtoto wao wa kwanza, Hervé, yuko Hispania, anapiga kinanda cha umeme katika kundi la mwimbaji mmoja mwanamke wa huko. Hakuja kuzika. Karatasi zake za kukaa zilikuwa hazijatoka, na angeondoka asingeruhusiwa kurudi. Alilieleza hilo kwenye simu, akalieleza tena, na Victorine alilisikia kwa masikio lakini moyo ukakataa. Tangu hapo ukimwita Mama Hervé, kama tulivyomwita maisha yote, hageuki. Anataka aitwe Mama Darlène.

Na sasa siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia. Katika ukoo wa Marcellin mjane havui nguo nyeusi mwenyewe. Watoto wa marehemu wanaitwa kwa majina mbele ya watu. Wa kwanza anafungua kitambaa cha kichwa cha mama yake, wa pili anaondoa shuka la mabegani, wanaofuata wanamalizia. Mtoto akiwa mbali, jina lake linaitwa vilevile, na ndugu wa baba anamshikia zamu. Lakini jina lisipoitwa, na wa pili akaanza kana kwamba yeye ndiye wa kwanza, hapo ukoo mzima umeelewa kwamba yule mwingine hahesabiwi tena. Victorine alikuwa ameshatangaza: Darlène ndiye ataanza.

"Hodi, tantine," Darlène akasema mlangoni; huniita shangazi kwa Kifaransa.

"Karibu. Kama ni liputa ya mama yako, haijaisha."

Nilikuwa namshonea Victorine nguo ya siku ile, kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Mimi ndiye niliyechagua rangi. Angechagua mwenyewe angerudi kwenye nyeusi.

"Haiko liputa, tantine. Ni juu ya yaya Hervé, mukubwa yangu. Ametuma muziki yake, albamu muzima. Mama amekatala kusikiliza. Anasema baba iko mu udongo, yeye iko anacheza mu manganda ya usiku, kule watu wanalewa."

"Sasa miye nifanye nini?"

"Nilimuambia: basi tumupatie tantine Mwanvua asikilize, yeye hasifu mutu bure. Mama akasema: 'Bon. Mwanvua akisema ile muziki iko na maana, nitaita jina ya Hervé. Akisema ni ya walevi, musiniulize tena.'"

Mkasi ulitulia mkononi mwangu. Wanawake wa mji huu wameniita niamue mengi, urefu wa sketi, mchumba wa kukataliwa, wali wa harusi kama umeiva. Lakini kama mtoto wa mtu ahesabiwe au asihesabiwe, hilo sijawahi kuletewa. Niliogopa, nasema wazi. Kisha nikamwambia aweke simu pale kwenye meza, na ile baffle yake ndogo ya kukuza sauti, na aende zake.

"Inaitwa namna gani?"

"*Hasta el primer pan*. Yaya anasema maana yake ni 'mpaka mukate ya kwanza.' Na ameniandikia ya kila wimbo kidogo. Ya kwanza, watu wanatoka mu nyumba zao. Ya pili, taa zinawaka barabara muzima. Ya tatu, wanatafutana. Ya ine, kuko mutu mumoja hajafika. Ya mwisho, kunapambazuka, wanakula mukate."

Basi nikasikiliza. Wimbo wa kwanza ulinichukiza. Ngoma yake hakuna mtu anayeipiga, ni mashine, inagonga palepale kama kinu cha kusagia mihogo kilichowashwa bila mihogo ndani. Mwanamke anaimba kwa Kihispania, mimi sijui Kihispania, lakini kuimba kwa pua kunajulikana kwa lugha yoyote. Mume wangu Assumani, anayeuza vipuri vya pikipiki, aliingia kuchukua kofia yake aende kusali, akasimama.

"Ile ni nini? Pikipiki ya Wachina inakatala kuwaka?"

"Ni mutoto ya Marcellin."

"Eh. Basi Mungu amusaidie," akasema, akaenda.

Wa pili nao vilevile, kelele tu na vitu vinavyolia kama chupa. Nilikuwa nimeshaanza kumwonea Hervé huruma, nikitafuta maneno laini ya kumwambia mama yake, na maneno laini kwangu hayapatikani kwa urahisi. Halafu katikati ya wimbo wa tatu niliangalia chini nikaona pindo la kitenge limekwisha. Mguu ulikuwa umekanyaga peke yake. Mshono umenyooka kama barabara ya wakoloni. Nikasema, lo, huyu mtoto ananijia kwa mlango wa nyuma.

Wa nne ndio ulioninyamazisha. Ile ngoma ya mashine inakaa mbali, kama inasikika kutoka mtaa wa pili, na kinanda kinabaki peke yake. Kinapanda taratibu, kinasimama, kinashuka kurudi palepale kilipoanzia. Ni mtu anayekwenda mlangoni kuchungulia, anarudi kukaa. Mwanamke hapo haimbi kwa pua tena, anaita tu, na sauti za watu zinamwitikia. Machozi yalinitoka juu ya ndege wa buluu. Mteja wangu Régina alikuwa amekuja kupima blauzi, akaniuliza nani amekufa. Na lile swali lake ndilo lililonifungua macho.

Nani amekufa! Fikirini nanyi. Hapa kwetu ni lini watu wanatoka wote majumbani mwao usiku? Ni lini barabara nzima inawaka taa, jenereta ya kuazima inanguruma, viti vya plastiki vimejaa hadi mbele ya nyumba za jirani, watu wanatafutana gizani, wewe umefika, na shemeji naye amefika, na kuna mmoja tu anayengojwa ambaye hafiki? Ni lini vijana wanacheza mpaka asubuhi na hakuna mzee anayewakemea, kwa sababu wanamchezea marehemu? Na asubuhi tunapewa nini sisi tuliokesha? Chai na mkate. Kilio! Hervé hakuweza kuja kulala kwenye kilio cha baba yake, kwa hiyo amekiimba kule kule, wimbo kwa wimbo, mpaka mkate wa kwanza.

Niliusikiliza tena wote, na sasa hata ule wa kwanza ukawa na sura. Kile kinu kinachosaga bila kitu ndani, si ndivyo kichwa kinavyokuwa siku ya msiba?

Siku chache baadaye nilimwita Victorine kwenye ua. Alikuja na ungo wake wa mchele, akabaki amesimama na nguo zake nyeusi, anachambua bila kuniangalia.

"Mama Darlène, nimesikiliza."

"Sema."

"Nitakuambia vile ningesema mu radio. Ya kwanza na ya pili, siwezi kuzisifu. Ile mwanamuke anaimba kwa pua. Ngoma yao, hata Assumani amekataa. Lakini ya ine, dada yangu, mutu ambaye amecheza ile kinanda, roho yake inauma."

Mikono yake ikaacha kuchambua.

"Inauma juu ya nini?"

Nikamweleza yote: majumba, taa, viti, mtu asiyefika, mkate. Sikuongeza chumvi, niliyaamini kila neno. Nilipofika kwenye mkate Victorine aliuweka ungo chini, akashika matete ya ua kwa mikono miwili, akalia. Alikuwa hajalia hivyo tangu mazishi. Nilipitisha mkono wangu kwenye tundu nikamshika kidole, maana ndicho kilichofikika.

"Alikuwa anamulilia baba yake," akasema. "Na miye namutukana."

"Hukujua."

"Nitaita jina yake."

Nilirudi kwenye cherehani nikiwa na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Watu walionipitia siku zile walipata maoni yangu juu ya muziki wa Hispania wapende wasipende. Niliwaambia Wahispania ni watu wa huzuni sana, na Régina akaenda kuyaeneza sokoni.

Mkesha wa sherehe ulikuwa haujaingia bado; ilikuwa mchana wa siku iliyotangulia, nasi tulijaa uani kwa Victorine tukipika. Mdogo wake Marcellin, Lukumani, alikuwa amefika kutoka Kabambare kwa pikipiki, tope limemfika kiunoni, barabara ile haimwachii mtu suruali safi. Yeye ndiye angeuliza majina ya watoto na kushika zamu ya Hervé. Alikuwa ananawa miguu pale kwenye beseni simu ilipolia, na Darlène akaiweka kwenye sauti kubwa ili mama yake asikie vizuri.

"Mama," Hervé akasema.

"Hervé." Mwaka mzima hakuwa amemwita kwa jina hilo. Wanawake wote tuliacha miiko. "Mwanvua amenifasiria muziki yako. Ameniambia unamulilia baba yako mule ndani, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Miye nilikuhesabia vibaya, mutoto yangu. Unisamehe."

Nilikuwa nimeinamia sufuria ya sombe, majani yetu ya mihogo, natabasamu peke yangu. Kilichobaki ni Hervé kusema asante, mama. Neno moja tu. Nikasikia magari ya kwao yanapita, moja, jingine.

"Mama, siwezi kukudanganya juu ya kilio ya baba," akasema. "Ile albamu haiko kilio. Ni ya watu wanatoka kucheza usiku, wanarudi asubuhi, wananunua mukate kwa njia. Ni vile tu. Tuliimaliza kabla baba agonjwe."

Darlène alifumba macho. Mimi nilitamani sombe inimeze. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi sikudanganya, nilikosea kwa moyo wangu wote, na hiyo inauma zaidi, kwa sababu mwongo angalau huwa amejiandaa.

Victorine hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

"Mwanvua."

"Ni vile nilisikia," nikasema. "Naapa. Ile ya ine…"

"Nyamaza."

Na mimi nikanyamaza. Muulizeni yeyote kama amewahi kuona jambo hilo.

Victorine alinyoosha mkono kumpokonya Darlène ile simu aikate. Nilijua akiikata, kesho jina halitaitwa, na nitakuwa nimemwondoa Hervé duniani kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini Hervé alikuwa bado anasema, haraka haraka, kama mtu anayeona mlango unafungwa.

"Ile ya ine ni baba aliigeuza, mama. Baba aliisikia."

Mkono ukasimama hewani.

"Baba yako nani?"

"Baba. Nilimutumia wakati ile alienda kufundisha wakatekista Kabambare. Alisikiliza yote. Akanipigia simu."

"Marcellin? Muziki ya nganda?"

"Alisema ya kwanza inamuumiza kichwa. Alisema mwanamuke wetu anaimba kwa pua, atafute mwalimu. Ya ine alisema ndiyo muziki, lakini mukono yangu ya kushoto inalala. Akaniambia niicheze polepole, ile ngoma iende mbali, nisiogope kimya. Nikairudilia vile alisema. Ile muko nayo ni ile ya baba."

Victorine alifunika mdomo. Mkono wa kushoto unalala: hayo Marcellin alikuwa akiyasema kwa kila mtoto aliyemfundisha kinanda cha kanisa, kwa ukali, akigonga mbao kwa kalamu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia ng'ambo ya barabara wakati wa mazoezi. Hakuna Mhispania aliyeweza kuyatunga.

"Lukumani," Victorine akasema bila kugeuka, "wewe ulijua?"

Lukumani alikuwa amesimama kwenye beseni na mguu mmoja mkavu. Aliangalia maji.

"Shemeji, tulisikiliza pamoja kwangu. Alikuwa na furaha sana. Alinikataza kusema. Alisema yeye mwenyewe atakuambia."

"Aliniambia vile vile, mama," Hervé akasema. "'Usimutumie mama yako kwanza. Anajua nakataza vijana manganda, atanicheka. Uniache nimutayarishe.' Kisha akarudi na ile homa."

"Hukunitayarisha!" Victorine akapiga kelele. Hakuwa anamwambia Hervé, wala Lukumani, alikuwa ameinua uso kuelekea upande wa makaburi ya parokia. "Marcellin! Hukunitayarisha! Ulikufa na muziki ya mutoto yangu mu tumbo, ukaniacha miye nimuchukie mwaka muzima!"

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alitukana. Katekista wa watu alitukanwa siku ile kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao, na kwa Kifaransa kidogo alichojifunza shuleni. Halafu katikati ya matusi kicheko kikampata, akakaa chini kwenye majivu na nguo zake za matanga, anacheka na kulia. "Ati mwanamuke anaimba kwa pua," akasema. "Marcellin, eh. Marcellin." Hervé naye tulimsikia analia kule kwake, na Darlène alikuwa amepiga magoti katikati yao wawili, ameishika simu juu.

Jambo moja Victorine hakulisema: kama jina litaitwa. Hervé hakuuliza. Mimi nilikuwa nimeshakatazwa kusema.

Kesho yake baada ya misa watu walijaa. Assumani alikuwepo na wazee wenzake wa msikitini, kwaya ilikuwepo, hata mama yake Pitchou alikuwepo. Victorine aliketishwa kwenye mkeka katikati ya uwanja, mweusi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kitenge changu cha manjano kilikuwa kimekunjwa kwenye kiti pembeni. Darlène alisimama na wadogo zake. Hakukuwa na simu, Hervé alikuwa kazini saa hiyo na hawakumruhusu.

Lukumani alijitokeza mbele na suti ya kuazima.

"Mutoto ya kwanza ya Marcellin ni nani?"

Mwenye kujibu ni mjane. Victorine alikaa kimya hata nikaona miguu ya Darlène inaanza kusogea, nikamshika gauni kwa nyuma.

"Hervé," Victorine akasema.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nayo tangu jana. Watu walinong'ona. Lukumani akatikisa kichwa kukubali, akaja kuinama kwenye mkeka ili ashike fundo la kitambaa kwa niaba ya mtoto aliye mbali, kama desturi inavyotaka.

"Acha," Victorine akamwambia.

"Shemeji, ni zamu yangu kumushikia."

"Wewe ulinificha. Ile zamu nitamushikia miye."

"Lakini mujane hajivui mwenyewe! Haijaonekana."

Wazee wa ukoo walianza kuguna. Mmoja alisimama kabisa. Victorine hakubishana nao. Aliinua mkono wake wa kuume, akautandaza mbele ya macho yao wote, wauone.

"Hii haiko mukono yangu," akasema. "Ni ya Hervé."

Akaupeleka nyuma ya shingo. Fundo lilikuwa la mwaka mzima, limekaza kwa jasho na mvua, na kwa mkono mmoja halikufunguka upesi. Alikataa kutumia wa pili. Tulimtazama anahangaika, anavuta, anateleza, anavuta tena, na hakuna aliyesogea, hata yule mzee aliyesimama, yeye akaketi taratibu. Kitambaa kikalegea. Kikaanguka mabegani, na kichwa chake kikabaki wazi mbele ya watu, nywele zimekuwa nyeupe mle ndani na sisi hatukujua.

Alipumzika kidogo.

"Ya pili," akasema. "Darlène, kuja."